Wimbo Haumvushi Mtoto Barabara

Mwaka jana, katika muhula wa pili wa masomo, tulikwenda kufundisha usalama barabarani katika shule moja ya msingi iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mbarara kuelekea Kabale. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamekwisha kuandaliwa na mwalimu wao. Tulipowauliza mtu afanye nini kabla ya kuvuka, waliinuka wote kwa pamoja wakaimba: aangalie kulia, aangalie kushoto, aangalie kulia tena, ndipo avuke. Waliimba kwa Kiswahili, wakarudia kwa Kinyankole, wakigeuza vichwa kama askari katika gwaride. Tuliwapigia makofi. Mvulana mmoja mdogo, mwenye sauti iliyowazidi wenzake wote, tulimwita mbele ya darasa akawaongoza.

Saa sita na nusu kengele ililia. Tulikuwa tungali langoni tukiagana na mwalimu mkuu. Mvulana yule alitoka mbio, akamwona mama yake ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye meza yake ya ndizi mbivu. Mama akainua mkono akamwita kwa jina, naye mtoto akaikata barabara moja kwa moja bila kugeuza kichwa hata mara moja. Trela lililokuwa likitoka upande wa Mbarara lilifunga breki, matairi yakalia, likasimama likiwa limepinda, hatua chache kutoka kwa mtoto. Hakuna aliyeumia. Ukilifungua daftari la matukio la kituo, hutakuta mstari hata mmoja juu ya siku ile. Lakini sisi tuliokuwapo tulirudi kituoni kimya, kwa maana tulikuwa tumeona kwa macho yetu kwamba somo letu halikumfaa hata yule aliyelijua kuliko wote.

Tangu hapo tumebadili namna ya kufundisha, na katika makala haya tunataka kuwaeleza wazazi, walezi na walimu tulichojifunza. Jambo lenyewe ni hili: mtoto mdogo hafundishwi barabara kwa kuambiwa, bali kwa kushikwa mkono na kupitishwa barabarani siku baada ya siku, na katika miaka hiyo yote kinachomlinda si ujuzi wake, bali ni mtu mzima aliye naye. Watu wamezoea kusema samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli, ila samaki huyo hukunjwa kwa mikono, wala hajapata kukunjwa kwa maneno.

Barabara aionavyo mtoto

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hupoteza maisha kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Tazama inapoanzia hesabu hiyo. Miaka mitano ndio umri ambao mtoto wetu huacha mgongo wa mama na kuanza kwenda kwa miguu yake: dukani, kisimani, shuleni. Hapa Uganda, tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997, madarasa yamejaa watoto ambao zamani wangalibaki nyumbani, na wengi wao hufika darasani kwa miguu, wakipita kando ya barabara ambazo hazikujengwa kwa kuwafikiria wao.

Sisi watu wazima hudhani kwamba mtoto huona barabara kama tuionavyo, ila kwa macho madogo zaidi. Sivyo. Mtoto wa miaka sita ana kimo cha karibu sentimita 115. Anaposimama nyuma ya taksi iliyoegeshwa, haoni barabara, wala dereva anayekuja hamwoni yeye. Mama aliyesimama karibu naye anaona juu ya boneti ya gari, akadhani mtoto naye ameona. Tunamsihi kila mzazi afanye jaribio hili walau mara moja: chuchumaa kando ya barabara unayomvusha mwanao, macho yako yawe sawa na macho yake, uangalie. Utaona magurudumu, miguu ya watu, magunia ya mkaa na milango ya magari. Barabara yenyewe utaitafuta.

Tena mtoto hupima umbali, lakini mwendo hajui kuupima. Akiona gari lililo mbali, kwake ni mbali, basi. Kwamba lile gari la mbali linakuja upesi kuliko pikipiki iliyo karibu, hilo bado halijakaa akilini mwake. Hebu tupige hesabu. Barabara ya lami yenye upana wa mita 7, mtoto anayetembea mita moja kwa sekunde ataivuka kwa sekunde 7. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Katika sekunde zile 7 litakuwa limekwenda zaidi ya mita 150, yaani urefu wa kiwanja cha mpira na nusu yake. Gari ambalo mtoto aliliona kama chembe kwenye kona ndilo litakalomkuta katikati ya lami.

Kwa upande wa dereva hesabu ni ngumu vilevile. Aendaye kilomita 50 kwa saa, akimwona mtoto ghafla, huchukua kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Sekunde hiyo moja ni mita 14 zilizokwisha kupita, na baada yake gari lahitaji mita nyingine zinazokaribia hizo ili lisimame, hata kwenye lami kavu. Lori lililosheheni shehena huhitaji nyingi zaidi, na lami iliyoloa huziongeza. Kwa hiyo msemo tunaousikia kila siku, kwamba "dereva atamwona atasimama", hauna msingi.

Liko jambo jingine ambalo wazazi wengi hulijua bila kulitia maanani: akili ya mtoto mdogo hushika kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mpira ukibingirika barabarani, kwake dunia nzima ni mpira. Mama akiwa ng'ambo, dunia nzima ni mama. Hatuwezi kumwita mtoto huyo mtundu au mkaidi, maana amefanya kile ambacho umri wake unamruhusu kufanya. Isitoshe, huamini kwamba akiliona gari, basi dereva naye amemwona, kama vile macho ni mlango ulio wazi pande zote mbili. Na honi akiisikia hawezi upesi kujua inatoka wapi. Aghalabu husimama katikati au hukimbia kurudi alikotoka, na kurudi nyuma huko ndiko kunakomshangaza dereva.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Sweden, Stina Sandels, aliwachunguza watoto wadogo wakiwa barabarani, akafikia hitimisho ambalo wakati ule liliwashtua wengi: mtoto mdogo hawezi kugeuzwa akalingana na mazingira ya magari, mazingira ndiyo yanayopaswa kugeuzwa yamfae mtoto. Wataalamu wengi wa usalama barabarani husema hadi leo kwamba kabla ya umri wa miaka kumi hivi mtoto asiachiwe kuvuka peke yake barabara yenye magari mengi. Tunajua kauli hiyo ni nzito kwa mama mwenye watoto watano na kazi ya shamba. Hata hivyo tukiificha tutakuwa tunawadanganya.

Mkono kwanza, maneno baadaye

Basi kwa nini tufundishe kabisa, kama mtoto hawezi? Kwa sababu mazoezi ya barabarani, tofauti na wimbo wa darasani, humbadilisha mtoto kidogo kidogo. Huko Glasgow, Scotland, katika miaka ya 1990, wazazi wa kawaida wa mtaa wa Drumchapel walijitolea kuwatoa watoto wa miaka mitano hadi saba nje ya darasa, wawili watatu kwa wakati mmoja, na kuwafanyisha mazoezi kwenye barabara zilezile walizozipita kila siku: kuchagua mahali pa kuvukia, kuvuka penye magari yaliyoegeshwa, kuvuka kwenye njia panda. Watoto hao walijifunza. Wazazi wale hawakuwa wataalamu, wala hawakuhitaji vifaa. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa lawezekana hapa kwetu bila kungoja msaada wa mtu yeyote.

Anza mapema, mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu, na uanzie uani. Chora mstari kwa kijiti mbele ya lango. Mkiufikia, nyote wawili simameni. Kila safari mkitoka, simameni mstarini, hata kama hakuna gari, hata kama mmechelewa. Mtoto wa umri huo haelewi sababu, wala hahitaji kuielewa. Anachohitaji ni miguu yake izoee kusimama pale ambapo ardhi ya nyumbani inaishia. Tukipewa nafasi ya kufundisha jambo moja tu tungalichagua hili la kusimama ukingoni, kwa kuwa mtoto aliyesimama amejipatia muda, na mtu mzima amepata muda wa kumfikia.

Mkishatoka, mshike mtoto kwenye kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vya mtoto huponyoka kama samaki, hasa akiwa na jasho au akiona rafiki. Wewe uwe upande wa magari, yeye awe upande wa majani. Na mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembeeni upande ambao magari ya karibu yanawajia usoni, msije mkafuatwa nyuma na hatari msiyoiona. Hapa Uganda, ambako magari hupita kushoto, maana yake ni kutembea upande wa kulia wa barabara.

Kisha sema kwa sauti unachokifanya. Wazazi wengi huona haya kusema peke yao barabarani, lakini hilo ndilo somo lenyewe. "Nasimama. Nasikia pikipiki, siioni bado. Ile pale. Nangoja ipite. Sasa naangalia tena. Hakuna kitu huku, hakuna kitu kule. Tunavuka, tunatembea, hatukimbii, na macho yetu bado yanaangalia." Mtoto akisikia maneno hayo mara mia mbili, siku moja ataanza kuyasema yeye kabla yako. Hapo ndipo umpandishe ngazi: mwulize, "Je, twende?" Mwache akuongoze, nawe umeshikilia mkono wake. Akisema twende na gari linakuja, usimkaripie. Mwambie, "Tungoje kidogo, tuone," gari lipite mbele yake, aone mwenyewe lilivyofika upesi. Kosa lililofanywa akiwa mikononi mwako halimgharimu kitu, na hulikumbuka kuliko karipio.

Dakika kumi kwa siku zatosha, mradi ziwe kila siku, na ziwe kwenye njia ileile aendayo shuleni. Njia iliyo salama zaidi aghalabu si ile fupi. Ikiwa kuzunguka nyuma ya soko kunaongeza robo saa lakini kunaondoa kuvuka barabara kuu, zungukeni.

Kulia au kushoto?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limetusumbua sana katika eneo letu, na ambalo wimbo wa darasani umelizidisha.

Uganda, Kenya na Tanzania magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia, na Sudan Kusini vilevile. Hapa kwetu, basi, gari la kwanza kumfikia anayeshuka kutoka ukingoni hutoka mkono wake wa kulia. Ukishavuka mpaka wa Katuna kuingia Rwanda, au Mpondwe kuingia Kongo, gari hilo la kwanza hutoka mkono wa kushoto. Ni tofauti ya hatua chache, na dereva wa lori hukumbushwa kwa alama akihama upande. Mtoto anayetembea na shangazi yake kwenda sokoni ng'ambo hakumbushwi na mtu.

Wasomaji wengi wa jarida hili ni ndugu zetu waliotoka Kongo, wanaoishi katika makazi ya Nakivale au katika mitaa ya miji yetu. Mama mmoja alitueleza, huku akicheka kwa uchungu, kwamba kwa miezi mingi baada ya kufika alikuwa akiangalia kushoto, akaona barabara ni nyeupe, akaweka mguu, na bodaboda ikampitia puani kutoka kulia. Mazoea ya miaka thelathini hayaondoki kwa kuvuka mpaka. Akaongeza neno lililotuingia sana: watoto wake walikuwa wakimwiga yeye, hawamwigi mwalimu. Shuleni waliimba kulia, kushoto, kulia. Barabarani wakageuza kichwa pale mama alipogeuza.

Tena, watoto wengi wa chini ya miaka saba hawajui kwa hakika mkono upi ni wa kulia. Watazame wakiimba: nusu yao wamegeukia huku, nusu kule, na wote wanaimba neno moja. Tukawa tunawafundisha kwa maneno wasiyoyajua kuelekea upande unaobadilika kwa kufuata nchi.

Kwa hiyo tumeyaacha maneno hayo kwa watoto wadogo. Sasa tunawauliza: "Magari ya huku karibu yetu yanatokea wapi?" Mtoto anyooshe kidole. "Na ya upande ule wa pili yanatokea wapi?" Anyooshe tena. Aangalie kwanza yanakotokea ya karibu, kisha yanakotokea ya mbali, kisha arudi kwenye ya karibu. Swali hilo hujibiwa kwa macho, na jibu lake huwa sahihi Mbarara na huwa sahihi Goma. Hata kanuni ya kutembea mkitazamana na magari haibadiliki, ila upande ndio unaohama: ukiwa Rwanda au Kongo, ni upande wa kushoto. Kwa ndugu zetu watu wazima waliohamia, tunaomba mjifanyie somo hilohilo mkiwa na watoto. Nyoosheni vidole pamoja nao. Si aibu.

Makosa yetu wakubwa

Tukichunguza visa ambavyo mtoto aliponea chupuchupu, mara nyingi tunamkuta mtu mzima aliyekuwa na nia njema.

Wa kwanza ni yule anayemwita mtoto kutoka ng'ambo. Hakuna tendo dogo lenye hatari kama hilo. Ukimwita mtoto umpendaye, umemwondolea kila alichofundishwa. Masikio yake yamejaa sauti yako. Hata kumpungia mkono tu kwatosha kumvuta. Ukimwona mwanao ng'ambo, nyamaza, jifiche ikibidi, uvuke wewe umfuate. Kadhalika unapompokea shuleni, mngoje upande wa lango la shule, kamwe usimngoje upande wa pili.

Wa pili ni dereva mwema. Husimama, huonyesha taa, humpungia mtoto apite. Nia yake ni nzuri, na kwenye kivuko cha pundamilia ni wajibu wake kusimama. Lakini nyuma yake yuko mwendesha bodaboda au taksi yenye haraka, ambaye haoni sababu ya gari kusimama, naye hulipita kwa pembeni. Mtoto aliyekubali mwaliko wa dereva wa kwanza hukutana na wa pili. Mfundishe mwanao kwamba gari lililosimama si ruhusa. Atembee hadi mwisho wa gari hilo, asimame tena, achungulie, ndipo aendelee. Na madereva mnaosoma haya, tunawaomba jambo moja: mkisimama kwenye kivuko, simameni, lakini msimpungie mtoto mkono. Na mnaofuata nyuma, gari likisimama karibu na kivuko, msilipite.

Mfano huohuo wahusu kushuka katika taksi. Mtoto akishuka hutaka kukimbilia mbele ya gari avuke, na dereva anayekuja humwona anapochomoza tu. Ashuke upande wa ukingo, arudi nyuma hatua kadhaa mbali na lami, angoje taksi iondoke kabisa, ndipo atazame. Akishuka katika bodaboda ashuke upande wa majani, na mwendeshaji asimalize safari upande usio wa nyumbani kwake kwa kuwa tu anakwepa kugeuza pikipiki.

Wa tatu tunamtaja kwa huruma, kwa kuwa ni mtoto naye: dada au kaka wa miaka minane aliyekabidhiwa wadogo wawili. Anawapenda, anajitahidi, lakini macho yake ni yaleyale ya mtoto, na sasa ana mikono miwili ya kushika wengine na hana wa kumshika yeye. Pale ambapo wazazi hawana nafasi asubuhi, tumeona vijiji vinavyopanga zamu: nyumba sita au saba za njia moja, kila siku mtu mzima mmoja huwakusanya watoto wote akawapeleka kwa mstari, wadogo wakishika kamba yenye mafundo. Mwenyekiti wa LC1 aweza kulipanga hilo katika mkutano mmoja. Kituo cha polisi kilicho karibu kiko tayari kuja kuwaonyesha mahali bora pa kuvukia. Tunakiri kwamba hatuna askari wa kutosha kusimama kila kivuko kila asubuhi, na kwamba rangi ya vivuko vingi imefifia kiasi kwamba dereva mgeni haioni. Ndiyo maana twahitaji mikono yenu.

Yapo na ya nyumbani, ambayo watu hawayahesabu kuwa ni ya barabara. Mtoto wa miaka miwili anayecheza nyuma ya gari uani haonekani kwenye kioo. Kabla ya kurudisha gari nyuma, dereva ashuke alizunguke, au mtu mwingine ambebe mtoto asimame naye mahali aonekanapo.

Giza na mvua

Sisi tulio karibu na ikweta hatubadilishiwi saa za mwanga. Jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi mwaka mzima, na watoto wetu wengi huwa njiani kabla yake. Sare za shule nyingi ni za rangi nzito: buluu, kijani kibichi, kahawia. Katika mwanga wa alfajiri mtoto huyo huwa kivuli. Kitambaa cheupe juu ya begi, au ukanda wa riflekta ulioshonwa mgongoni na mikononi, humfanya aonekane mapema zaidi. Fundi cherehani hushona kwa muda mfupi. Mtoto naye ajue kwamba taa za gari zikimmulika machoni, yeye ndiye anayeliona gari, si lazima gari linamwona yeye.

Wakati wa mvua, mwavuli na kofia ya koti humziba macho na masikio. Aviondoe kichwani anapofika ukingoni, aangalie, ndipo ajifunike tena. Atalowa kidogo.

Mtoto yuko tayari lini?

Tunaulizwa swali hili katika kila mkutano, na watu hutaka tuwape umri. Umri peke yake hautoshi. Tunachopendekeza, mtoto akishafika miaka tisa au kumi, ni mzazi atembee hatua kumi nyuma yake kwenye njia ya shule, bila kusema neno, kwa majuma kadhaa. Atazame kama mtoto anasimama ukingoni mwenyewe, kila mara, hata akiwa na rafiki, hata akiwa anachelewa, hata mpira ukipita. Akikosa mara moja, arudi kushikwa mkono, na baada ya mwezi wajaribu upya. Kuna watoto watakaoweza wakiwa na tisa, na wengine hadi kumi na mmoja. Na yule mwenye kusikia kwa shida, au kuona kwa shida, atahitaji muda wake mwenyewe na labda mwenzake wa kudumu.

Yule mvulana wa ndizi bado yuko katika shule ileile, sasa yuko darasa la pili. Tulipopita huko mwezi uliopita saa za kengele, meza ya ndizi ilikuwa ng'ambo kama kawaida, lakini aliyeketi nyuma yake alikuwa jirani. Mama alikuwa amevuka mapema, amesimama chini ya mti kando ya lango la shule. Mtoto akatoka mbio, akamkuta hapohapo. Wakafika ukingoni, wakasimama, na mtoto akanyoosha kidole upande wa Mbarara.